Mashine ya kuchekecha iliyoombewa mwendo: kisa cha uwanja mmoja wa Busia

Uwanja wenyewe uko Busia, upande wa Uganda, nyuma ya barabara ya malori. Mwenye uwanja nitamwita Mama, kama vijana wake wanavyomwita. Anauza mchanga uliochekechwa kwa ajili ya plasta, majivu yaliyosafishwa, na vipande vya makaa vinavyookolewa humo humo ndani ya majivu. Malalamiko yake yalikuwa mafupi. Alimlipa fundi wa kuchomelea amtengenezee chekecheo la pipa la kuzungusha kwa mkono, likafanya kazi vizuri Januari na Februari, na kufika Aprili likawa mzigo. Vijana wanazungusha mpaka mabega yanawaka, na kinachotoka mwisho wa pipa ni kile kile kilichoingia.

Ombi lake kwangu lilikuwa moja: "Fundi, niongezee mwendo. Hii inakwenda polepole mno, ndiyo maana."

Vijana nao walishapiga hatua mbele ya ombi hilo, wakitaka mota.

Kabla ya mashine, niseme kwa nini mtu ahangaike na majivu hata kidogo. Mei 2023 rais alitoa amri iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya kuuza katika maeneo ya kaskazini, ambako magunia mengi yalikuwa yakitoka, na tangu hapo mwenye jiko hatupi kipande cha makaa bila kukitazama mara mbili. Busia ni mji wa majiko: chapati, samaki wa kukaanga, maharagwe ya madereva yanayochemka kwa kuni usiku kucha. Asubuhi kila jiko lina rundo la majivu ambalo mwenyewe anataka liondoke. Ndani ya rundo hilo mna vipande vya makaa ukubwa wa kidole, vingine vikubwa zaidi, vilivyozimika kabla ya kuteketea. Vile vikubwa Mama anaviuza kwa wenye pasi za makaa na majiko madogo, chenga zinakwenda kwa wanaotengeneza makaa ya vumbi, na majivu membamba yananunuliwa na wakulima na wenye vyoo vya shimo. Wazo si geni. Katika karne ya 19 nyumba nyingi za Uingereza na Marekani zilikuwa na kisanduku chenye mkono wa kuzungusha cha kuokolea makaa kutoka kwenye majivu ya jikoni.

Biashara basi ina akili. Mashine je?

Fundi aliyeitengeneza hakuwa mjinga, na hilo nililisema mbele ya Mama kwa sababu alikuwa tayari kwenda kumdai fedha zake. Alichukua pipa la chuma la lita 200, akakata pete zake, akaziunga kwa vyuma bapa hadi akapata kizimba cha mviringo chenye urefu wa mita 1.2 hivi na kipenyo cha sentimita 57. Katikati akapitisha bomba la inchi moja, likalazwa juu ya vipande viwili vya mti mgumu vilivyolowekwa katika oili chafu. Kwenye ncha ya bomba akachomelea mkono. Kizimba kizima akakivika nyavu mbili: nusu ya mwanzo wavu mwembamba wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, na nusu ya mwisho wavu wa milimita 5, wa aina inayotandikwa kwenye vichanja vya kukaushia kahawa. Unamwaga juu, unazungusha, vyembamba vinaanguka kwanza, vya wastani vinafuata, na vikubwa vinatokea mwisho. Mpangilio huo ndio unaotumika hata kwenye mapipa makubwa ya migodini.

Nilianza na mwendo, kwa kuwa ndio nilioitiwa. Nikachora mstari wa chaki kwenye pete ya mbele, nikamwambia kijana azungushe kama kawaida yake huku nikihesabu kwa saa ya simu. Alikuwa anakwenda kama mizunguko 60 kwa dakika. Kijana mwenye nguvu, mkono umefungwa moja kwa moja kwenye bomba, lazima akimbie hivyo, kwa sababu kuzungusha polepole kitu chepesi kunachosha mkono kuliko kukizungusha kwa mwendo ambao mwili umeuzoea.

Sasa tazama mchanga unafanya nini ndani. Kwenye mizunguko 60 haukuwa unaporomoka. Ulikuwa umejibana ukutani, unapanda upande mmoja, unapita juu, unashuka upande wa pili, kama maji ya ndoo inayozungushwa juu ya kichwa bila kumwagika. Punje iliyobanwa hivyo inaonana na tundu lile lile la wavu tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa imeziba, basi imeziba mpaka pipa lisimame.

Kuna hesabu ya jambo hili na haina ugumu. Chukua 42.3, gawanya kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha pipa kwa mita, unapata mizunguko kwa dakika ambayo mzigo unaanza kushikamana na ukuta moja kwa moja. Kwa pipa la sentimita 57 jibu ni 56. Vijana walikuwa wanafanya kazi juu ya kikomo hicho, halafu wanaomba mota. Kuchekecha kunataka mzigo upande kidogo, uvunjike, uteremke juu ya wavu, upande tena, na hilo hutokea vizuri kwenye theluthi moja ya kikomo au zaidi kidogo, yaani mizunguko 20 hivi. Nilimshika kijana mkono tukazungusha pamoja kwa mwendo huo. Mchanga wa chini, uliokuwa mkavu kiasi, ukaanza kunyesha kwenye turubai.

Mama akanitazama kama mtu anayeuziwa kitu. "Kwa hiyo unaniambia wafanye polepole ndiyo watoe zaidi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nawalipa kwa siku." Hapo alikuwa na hoja yake, na sikuwa na jibu la haraka.

Kosa la pili lilikuwa chini, kwenye miguu. Mtu alikuwa ameweka matofali chini ya upande wa kumwagia, ili vitu "vitembee". Tofauti ya kimo kati ya ncha mbili ilikuwa karibu sentimita 30, na kwa pipa la mita 1.2 huo ni mteremko wa nyuzi kama 14. Punje inapita pipa zima kabla haijapata nafasi ya kuanguka tunduni. Mteremko wa nyuzi 3 hadi 5 unatosha, yaani sentimita 6 hadi 10 kwa urefu huo. Tuliyaondoa matofali, tukabakiza kipande kimoja cha ubao. Nadhani waliyaweka Aprili hiyo hiyo, mchanga ulipoanza kukwama, wakitibu dalili.

Maana ugonjwa wenyewe ulikuwa mvua. Huku mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na lundo la mchanga la Mama halina paa. Mchanga mkavu huchekecheka. Mchanga uliofurikwa maji nao huchekecheka, ukimwagiwa maji mfululizo juu ya wavu. Mchanga usiokubali kabisa ni ule wa katikati, wenye unyevu wa asilimia chache tu, kwa sababu utando mwembamba wa maji unazigandisha punje na kuzifanya vijidonge, na utando huo huo unaziba matundu ya wavu mwembamba. Hakuna mkono wala mota inayotibu hilo. Kipimo cha uwanjani ni kukamata konzi ya mchanga, kuubana, na kufungua kiganja. Ukibaki na umbo la vidole, uanike kwanza.

Niongeze jambo linalohusu wanunuzi, ingawa Mama hakupenda nilipolisema mbele yao. Mchanga mwembamba wenye unyevu kidogo huvimba, kwa robo au hata zaidi, kwa kuwa punje zinashikiliwa mbalimbali na ule utando wa maji. Anayenunua kwa toroli wakati wa mvua anabeba mchanga pungufu, na mwashi anayechanganya kwa karai anaweka saruji nyingi kuliko alivyokusudia. Mzee mmoja, mwashi wa siku nyingi anayechukua mchanga hapo, alicheka kwa sauti. Alikuwa amelalamika kwa miaka kwamba karai za Aprili hazilingani na za Februari, akaambiwa anazeeka.

Upande wa mchanga, basi, hukumu yangu ilimuudhi kila mtu. Nyuma ya banda kulikuwa na chekecheo la zamani, fremu ya mbao yenye wavu, lile la kuegemeza kwa mti na kurushia mchanga kwa beleshi. Kwa mchanga mkavu wa kawaida, lile la bure linashindana na pipa bila aibu. Mtu mmoja mwenye beleshi anatoa kazi nyingi, hana beringi ya kulika wala wavu wa mviringo wa kushona upya. Pipa lina faida kwenye mchanga wenye madongo ya udongo, ambayo yanavunjika kwa kuporomoka, na kwa mteja anayetaka mchanga mwembamba wa plasta ya mwisho. Vinginevyo unazungusha chuma kwa ajili ya kuzungusha. Binadamu anaweza kutoa kwa saa nyingi nguvu ya wati kama 75 tu, na ni afadhali azitumie mahali ambapo beleshi haliwezi.

Mahali hapo ni kwenye majivu.

Mtu aliyewahi kuchekecha majivu kwa sinia la matundu anajua kwa nini. Vumbi linapaa usoni, linaingia machoni, na majivu ya kuni ni makali: yakikutana na unyevu yanakuwa magadi, pH yake (kipimo cha asidi na magadi, ambapo 7 ni katikati) inapita 10. Kijana mdogo zaidi hapo uwanjani alikuwa na ngozi iliyopasuka katikati ya vidole, nyeupe kingoni, na alikuwa akiipaka mafuta ya kupikia kila jioni akidhani ni baridi. Lakini pipa linaweza kufunikwa. Sinia haliwezi.

Pipa la Mama halikuwa limefunikwa kwa lolote. Tulitengeneza sanduku la mabati yaliyotumika kuzunguka nusu ya chini na pande zote mbili, mdomo wake ukaning'inizwa gunia kama pazia, na majivu yakawa yanaanguka ndani ya karai zilizopangwa humo. Juu tukaacha wazi kwa ajili ya kutazama wavu. Kazi ya majivu ikahamishiwa alfajiri, kabla upepo haujaamka, anayezungusha akisimama upande upepo unakotoka, na glovu za mpira, na barakoa ya kweli badala ya leso. Hili la barakoa nililisisitiza hata kwa mchanga. Vumbi jembamba la mchanga mkavu lina madini ya silika yanayokaa kwenye mapafu na kuyatia makovu, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuurudisha nyuma.

Ukaja ule mkono. Mwendo wa mizunguko 20 ni mzuri kwa pipa na mbaya kwa mtu, kwa hiyo kitu cha kati kilihitajika, na Busia ni mji wa baiskeli: mabaki yake yapo kila kona. Tulifunga gia kubwa ya pedeli yenye meno 44 kwenye bomba la pipa, na chini yake, kwenye kibomba kifupi chenye mkono mpya, tukaweka friwili, ile gia ndogo ya gurudumu la nyuma la baiskeli, ya meno 18. Cheni ikaunganisha. Mkono sasa ukizunguka mara 50 kwa dakika, mwendo ambao mwili unaupenda, pipa linakwenda 20.

Friwili ilileta kichekesho. Ilivyofungwa, ilishika kwa upande mmoja tu, na upande huo ukawa ule unaomlazimu mzungushaji kuvuta kwa nyuma. Akizungusha kama kawaida, inateleza na kulia tik-tik-tik huku pipa likimtazama. Dawa ni kuichomelea ndani kwa ndani, ife iwe kipande kimoja. Fundi yule yule wa kwanza ndiye aliyeichomelea, bila malipo, na nadhani suala la kudai fedha liliishia hapo.

Nyavu nazo zilitenganishwa. Kuweka wavu wa mbu na wavu wa milimita 5 kwenye pipa moja ni sahihi kwenye karatasi, lakini wavu mwembamba ndio unaopokea mzigo kwanza, pamoja na mawe na vigogo vya makaa vyote. Ulikuwa umepasuka sehemu tatu na kushonwa kwa waya. Ungeweza kuulinda kwa kuweka wavu mzito ndani yake, ila vipande vya makaa vinanasa kati ya nyavu mbili na kugeuka kizibo. Tuliamua kila wavu uwe na fremu yake inayofungwa kwa bolti na kutolewa. Majivu yanapita kwanza kwenye wavu wa milimita 5, ambapo makaa makubwa yanabaki. Kinachopita kinarudishwa kwenye wavu wa mbu, ambapo chenga zinabaki na majivu safi yanaanguka. Mara mbili ya kazi, ndiyo, lakini wavu wa mbu haugusi tena jiwe. Juu ya pipa kimefungwa kipande cha tairi kinachogonga vyuma kila linapozunguka, ili kilichoziba kidondoke.

Jambo la hatari kuliko yote halikuhusu mashine. Mama alikuwa akipokea majivu asubuhi ile ile yanapotolewa jikoni, akiyatia kwenye magunia ya plastiki kando ya ukuta wa mbao. Majivu ni blanketi: kaa la moto likifunikwa humo linaweza kukaa siku kadhaa likiwa hai, na ukilichekecha unalipa hewa. Usiku mmoja gunia moja lilianza kutoa moshi. Jirani aliamka kwa harufu ya plastiki, akapiga kelele, na ukuta ukapona ukiwa na alama nyeusi yenye upana wa mkono. Sasa kila kinachoingia kinakaa ndani ya mapipa ya chuma yenye vifuniko, mbali na ukuta, siku nne au zaidi, na mtu anaweka mkono juu ya pipa kuhisi joto kabla ya kuchota. Maji hayanyunyizwi. Majivu yaliyolowa ni tope la magadi, yakikauka yanakuwa tofali.

Kwenye majivu ya majiko ya jirani na barabara kuna misumari mingi, kwa sababu kuni zao ni masanduku na paleti za mizigo. Sumaku ya spika iliyoharibika, ikifungwa mdomoni mwa pipa, inaokota nyingi. Lakini paleti zina swali lingine. Mbao zilizopakwa rangi au dawa zinaacha kwenye majivu madini ambayo hutaki yawe kwenye mchicha wa mtu. Nilimshauri Mama ayatenge: majivu ya kuni na makaa matupu yaende mashambani na kwenye maharagwe ya kuhifadhi, na ya mbao za mizigo yaende vyooni peke yake. Alikubali kwa maneno. Kama vijana wanayatenga kweli kila asubuhi, huko sikuthubutu kuapa, kwa kuwa yanapofika yote yana rangi moja.

Kwa wakulima wanaonunua, anawaambia mambo mawili na yote ni ya kweli. Majivu yana potasiamu na chokaa, yanapunguza ukali wa udongo wenye asidi, na hayana naitrojeni hata kidogo, kwa hiyo hayachukui nafasi ya samadi. Na yasichanganywe na samadi mbichi wala yurea kwenye karai moja, maana yanaifukuza naitrojeni ikapaa kama amonia. Harufu yake utaisikia pale pale. Wanawake wanaohifadhi maharagwe ndio wateja wakali zaidi. Wanasugua majivu kati ya vidole, wakikuta chembe moja ngumu wanarudisha debe zima.

Suala la malipo ya vijana lilimalizwa na Mama mwenyewe, bila mimi. Majivu yanalipwa kwa debe lililojazwa, mchanga unalipwa kwa siku na unarushwa kwenye chekecheo la mbao. Mota haikununuliwa. Vijana hawakulizungumza tena baada ya kuona debe zinajaa, ingawa kijana mwenye nguvu bado anazungusha haraka akidhani hatazamwi, na tik-tik haipo tena ya kumsaliti.

Kinacholika sasa ni vile vipande vya mti vinavyobeba bomba. Ukivipaka grisi, mchanga unashika grisi na kuwa msasa. Vimeachwa na oili ya mwanzo tu, na vingine vimeshachongwa vinasubiri. Na wavu wa katikati, wa milimita 3, ambao ungetoa mchanga mzuri zaidi wa plasta, haupo kwenye maduka ya vifaa ya hapa: wana wa 5 na wana wa mbu. Mama ameagiza mita chache kutoka Kampala kwa dereva wa lori anayemfahamu, naye kila akipita anasema ameusahau.